Usipulize vanishi usiku huu: jibu kwa aliyepaka vyambo vyake rangi ya mafuta jana

Weka kopo chini kwanza, ndugu. Umesema umechonga vyambo sita, yaani samaki bandia wa kuvulia, vya mbao ya jakaranda, jana jioni umevipaka rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, na usiku huu unataka kuvipulizia vanishi ya magari ili Jumamosi uondoke navyo Lubumbashi kwenda Kilwa, Ziwa Mweru, kutafuta manda, yule samaki mwenye meno makali. Umeuliza pia manda anavutwa na rangi gani, na mdomo wa kuzamia, kile kibapa cha mbele kinachokizamisha chambo kikivutwa, ukatwe vipi. Hayo yasubiri. Ukipuliza hiyo vanishi leo hutabaki na chambo cha kutilia mdomo.

Nimepita hapo hapo ulipo. Rangi hiyo hiyo, vanishi hiyo hiyo, haraka hiyo hiyo ya safari. Aliyenishauri ni fundi mmoja wa garaji, mpuliza rangi wa magari, mtu ambaye mtaani kote wanamsifu. Nikamuuliza nisubiri muda gani. Akaangalia juu, akasema: "Jua la kiangazi hili? Asubuhi unapaka, mchana unapuliza." Nikaanika vyambo uani. Mchana nikagusa kwa kidole, kukavu, hakuna kinachonata. Nikapuliza.

Mwanzoni viling'aa vizuri ajabu. Mgongo wa kijani, ubavu wa fedha, na magamba niliyoyapata kwa kuvisha chambo wavu wa mfuko wa vitunguu kisha kupuliza rangi nyeusi juu yake. Halafu karibu na jicho la chambo cha kwanza rangi ikainuka kidogo. Ikajikunja. Mkunjo ukazaa mwingine, ikatambaa ubavuni mpaka mkiani, na yale magamba yakavurugika yote mbele ya macho yangu. Nikageukia cha pili, nacho kimeanza. Ukishaona mkunjo wa kwanza hakuna dawa: ukifuta unaharibu zaidi, ukiongeza vanishi unaongeza moto. Ilibidi niparue vyote mpaka kwenye mbao, na ukiparua mbao laini unaondoa na umbo. Chambo kilichokuwa kikiogelea vizuri kwenye beseni kikawa kinalala ubavu, kwa sababu upande mmoja umebaki mwembamba na ule uzito wa risasi wa tumboni hauko tena katikati. Vingine nilivitia motoni.

Na yule fundi nilipomrudia na chambo mkononi alisema nini? Kwamba mbao yangu ni mbaya! Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Yeye kwenye magari hapaki rangi ya milango. Anapaka rangi ya magari, iliyotengenezwa ili ipokee vanishi ile ile. Rangi yangu hakuijua, na kusema "sijui" kungemgharimu neno moja tu. Badala yake alinijibu kwa uhakika, mimi nikalipa. Na muuza rangi dukani naye aliniuzia makopo yote mawili pamoja, akaniona nikiyapanga kwenye mfuko, hakuuliza yanakwenda kufanya kazi gani.

Sikiliza jinsi inavyotokea, maana ukielewa hili hutahitaji fundi yeyote. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kuruka hewani peke yake. Thina ikisharuka, rangi yenyewe inapaswa kuvuta oksijeni ya hewa ili igande, na hewa inaingia kutoka juu. Kwa hiyo ngozi ya juu inakauka kwanza, na chini yake rangi bado ni mbichi. Jua kali ndilo linalokudanganya zaidi, kwa kuwa linaifunga ile ngozi haraka na kufungia ubichi ndani. Kidole chako kinagusa ngozi tu. Sasa vanishi ya magari ina viyeyusho vikali. Vinapenya ngozi, vinaifanya ivimbe, na kwa kuwa chini hakuna kitu kigumu cha kuishikilia, inajikunja.

Basi kanuni yangu ni moja, na naomba uishike kuliko chochote kingine nitakachosema: usiamini kidole, amini pua. Chukua chupa tupu ya mayonezi, ioshe mpaka harufu ya mayonezi iishe, ikaushe. Tia chambo ndani, funga kifuniko, iache usiku mzima mahali penye joto. Asubuhi ifungue chupa huku pua yako ikiwa juu ya mdomo wake. Ukisikia harufu ya rangi, hata kidogo, bado kuna kitu kinatoka ndani. Kirudishe kivulini penye hewa. Rudia mpaka chupa isitoe harufu. Kisha bonyeza ukucha wa dole gumba chini ya tumbo, pale pasipoonekana: alama ikibaki, subiri tena. Kwa rangi ya mafuta hesabu wiki, tena zaidi ya moja kama umepaka nene. Juni na Julai, kwa baridi yetu ya usiku, ongeza. Usiniulize kama siku tatu zinatosha. Iulize chupa.

Utaniambia basi utaruka vanishi ya magari utumie epoksi, ile ya kuchanganya gundi na kigumishi, kwa kuwa haina thina. Ni kweli haitajikunja. Lakini ukiiweka juu ya rangi mbichi haishikamani na kitu kigumu, na harufu iliyofungiwa chini inatafuta njia. Manda akishauma, meno yake yakatoboa, maji yanaingia humo na ganda lote linabanduka kama la nyoka. Chupa ya mayonezi inahusu epoksi vile vile.

Tena kwa vyambo vijavyo, achana kabisa na rangi ya mafuta. Tafuta akriliki ya maji, ile ya tyubu ya wachoraji. Tabaka jembamba, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele, tabaka jingine, acha zilale mpaka kesho, kisha epoksi. Epoksi yenyewe pima kwa mabomba mawili ya sindano ya famasi yasiyo na sindano, moja la gundi, moja la kigumishi, na usiyabadilishane kamwe. Soma kwenye chupa kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito. Yule fundi wangu alinifundisha pia kuongeza kigumishi ili kikauke haraka! Usithubutu. Kigumishi kinachozidi hakina cha kuungana nacho, na chambo kinabaki kunata. Koroga polepole, kwangua kingo na chini ya kikombe, na siku za baridi pasha zile chupa mbili kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujapima, la sivyo epoksi inakuwa nzito na mapovu hayatoki. Ukishapaka, geuza chambo mpaka epoksi iache kutiririka. Kama unatumia mota ya kukigeuza, kaa karibu, kwa sababu umeme ukikatika katikati utakuta tone limening'inia tumboni. Geuza kwa mkono. Wakati wa mvua ukikuta juu kuna utelezi kama mafuta, osha kwa maji, pitisha msasa mwembamba, ndipo upake tabaka la pili.

Usishike chambo kwa vidole vitupu baada ya msasa. Mafuta ya ngozi yanaifanya vanishi ikimbie na kuacha vishimo. Na hiyo vanishi ya magari yenye kigumishi, siku utakapoipuliza, usiipulizie chumbani mnamolala watoto. Mvuke wake unadhuru mapafu, na kitambaa puani hakisaidii kitu. Iwe nje, na barakoa ya kweli yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, si ya vumbi tu.

Sasa hivyo vyako sita. Vifunge uzi, vining'inize kivulini mbali na vumbi jekundu la uani, visigusane. Jumamosi nenda Kilwa na vyambo vya dukani, au azima kwa mwenzako. Siku chupa itakapokuwa haina harufu, usipulize vyote kwa mara moja. Chagua kimoja, kile ulichokichonga vibaya kuliko vyote, pitisha msasa mwembamba, futa vumbi, kipulize tabaka jembamba sana, kiache mpaka kesho yake. Kikiamka hakina mkunjo, endelea na vile vitano.