Sheikh, nilipie sola ya mama kwa kripto? Swali kutoka Kibirizi, Kigoma

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi kijana wa hapa Kibirizi, nafanya kazi za kutafsiri mtandaoni, bosi yuko nje ananilipa kwa USDT, ile kripto inayofuata thamani ya dola. Nataka nimfungie mama sola, paneli mbili, betri ya lithium na inveta, na mchana niwe nachajia wavuvi betri za taa za dagaa. Nimepata muuzaji Dar anasema nikilipa yote mwanzo kwa kripto atanipunguzia bei, mzigo utafika baada ya mwezi na kitu. Hela haijatosha, kuna rafiki yangu ana Bitcoin yuko tayari kunikopesha, ila siku ya kulipa atachagua mwenyewe, nimrudishie Bitcoin zake zilezile idadi au thamani ya shilingi ya siku aliyonipa, kilicho kikubwa ndo anachukua. Mama anaogopa asije akaswali kwenye taa ya haramu. Nisaidie.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Kwanza Allah akulipe kwa kumkumbuka mama, na wavuvi wetu nao wanahitaji huduma kama hiyo.

Sasa wengi wakisikia kripto wanauliza tu hii sarafu halali au haramu, basi wanataka neno moja waondoke nalo. Wanazuoni wenyewe hawajawa na neno moja. Dar al-Ifta ya Misri, yaani ofisi yao ya fatwa, ilikataza Bitcoin mwanzoni mwa 2018, baraza la sharia la tume ya masoko ya mitaji Malaysia mwaka 2020 likaruhusu kununua na kuuza kwenye masoko yaliyosajiliwa, maulamaa wa Indonesia 2021 wakasema kama fedha ya kulipia haifai kwa sababu ya gharar, yaani utata na kutojulikana, na madhara, kama bidhaa yenye masharti yake inaweza kuuzwa. Hao wote ni watu wa elimu. Mimi sioni kwamba kitu kinakuwa haramu kwa vile tu hakishikiki mkononi. Hapa hapa Ujiji karne ya 19 babu zetu walinunua sokoni kwa shanga za sofi, vipande kama bua la kiko kilichovunjika, asubuhi wabadilishaji wanakuja na mifuko yao wanawapa wanunuzi shanga, jioni wanazichukua tena kwa wauzaji. Na Imam Malik amepokewa akisema lau watu wangepitisha ngozi baina yao mpaka ikawa sarafu, angechukia iuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kucheleweshana. Yaani watu wakishakifanya kitu ni fedha basi hukumu za fedha zinakifuata, riba inaingia humo, kupeana papo kwa papo kunalazimika.

Kwa hiyo malipo yako ya kutafsiri, kama kazi yenyewe ni ya halali, ni jasho lako. Hapo sina shida.

Shida yangu kubwa iko kwa huyo rafiki yako, na naomba unisikilize vizuri hapa maana vijana wengi wanaanguka bila kujua. Akikukopesha Bitcoin, deni lako ni idadi ileile ya Bitcoin, ipande ishuke. Akikukopesha shilingi, deni ni shilingi. Ila akisema nachukua kilicho kikubwa, huyo amejiwekea faida kwenye mkopo na hasara yote ameiacha kwako, na wanazuoni wamekubaliana kwamba mkopo uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni riba, hata kama mmecheka na mmeshikana mikono. Anaweza kukwambia sheikh hajui, mimi najilinda tu bei isishuke. Kweli inashuka, Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 na Novemba 2022 ikawa chini ya 17,000, mwaka mmoja tu haijabaki hata robo. Lakini hiyo hasara ingempata hata kama Bitcoin angekaa nayo mwenyewe kwenye waleti yake, kwa nini wewe ndo umbebee? Na wewe nawe usikope Bitcoin kununua betri, ikipanda mara tatu utalipa sola tatu kwa sola moja na dini haitakupunguzia deni. Muombe aiuze yeye, akupe shilingi, umrudishie shilingi zilezile. Ukitaka kumzidishia siku ya kulipa kwa hiari yako bila sharti, Mtume s.a.w. amesema wabora wenu ni wanaolipa vizuri.

Kuhusu muuzaji wa Dar, kulipa yote mwanzo ukasubiri mzigo hiyo ipo kwenye fiqhi, inaitwa salam, na kupunguziwa bei kwa ajili hiyo sio riba, hata watu wa Madina walikuwa wanalipana mapema kwa matunda ya mwaka na miaka miwili. Mtume akawaambia anayefanya salam afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Basi "mwezi na kitu" haitoshi, iandikwe tarehe. Na "betri ya lithium na inveta" haitoshi, andika paneli wati ngapi, betri volti ngapi na AH (kipimo cha chaji inayobeba) ngapi, inveta wati ngapi, mpya au imetumika. Betri ya asidi ukiimaliza chini ya nusu kila siku inakufa mapema, ya lithium inavumilia zaidi ya hapo, AH ni zilezile lakini mali ni mbili tofauti na bei mbili tofauti. Madrasa yetu iliwahi kuletewa betri imebandikwa karatasi mpya, ndani kuukuu, watoto wakarudi kusoma kwa tochi za simu, mpaka leo inaniuma. Tulichopona ni kwamba tulilipa kwa njia yenye risiti. Kripto ukishaituma imeenda, hakuna wa kumpigia simu akurudishie muamala.

Ndo maana jibu langu kwako ni hili, badilisha USDT iwe shilingi kwanza, ndo umlipe. Na sababu sio kuogopa mzigo mbovu tu. Benki Kuu yetu Novemba 2019 ilitangaza kwamba sarafu hizi sio fedha halali nchini, mwaka 2024 sheria ya fedha ikaleta kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo serikali inaitambua kama mali ya kutozwa kodi lakini kutozwa kodi sio kuwa shilingi, na sisi tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka kwenye kisicho maasi. Akikuzidishia bei kidogo kwa kulipa shilingi, mlipe, unanunua haki ya kudai.

Ukibadilisha na mtu iwe papo kwa papo, usiachie USDT kwa skrinshoti wala meseji, angalia salio lako mwenyewe. Usisubirishwe mpaka kesho. Na usikae nazo muda mrefu ukidhani USDT ni dola yenyewe, kuna kripto nyingine, UST, nayo ilikuwa inaitwa dola, Mei 2022 ikaporomoka siku chache tu na watu wakalia.

Mama mwambie aondoe hofu, mali ya halali ikinunuliwa kwa mkataba safi taa yake ni halali, na hata mkataba ukiwa na kasoro swala yake haiharibiki kwa mwanga. Huyo rafiki yako njoo naye Ijumaa baada ya swala, mje na kalamu, Allah ametuamrisha ktk Baqara aya ya 282 tuandike madeni, mashahidi wawili tutawapata hapohapo msikitini.

Wallahu aalam.