Kopo la kuzimia moto: maswali yenu kutoka Makorora hadi Raskazone

Niliandika juu ya nyaya za umeme zinazopitishwa chini ya mazulia, nanyi wasomaji wangu wa hapa Tanga mkaniuliza juu ya makopo. Haya. Ni yale makopo ya kupuliza ya kuzimia moto, madogo kama ya dawa ya mbu, ambayo siku hizi watoto wanawaletea wazazi wao kutoka Dar. Mimi ni fundi umeme, si askari wa zimamoto, lakini nyumba zilizoungua nimeingia nyingi kuliko nilizopenda kuingia.

*Mwanangu kaniletea kopo la kuzimia moto. Liko juu ya friji, bado limo kwenye nailoni yake. Linatumiwaje? (Mama, Makorora)*

Shikamoo mama. Litoe kwenye nailoni leo, na maandishi yasomwe leo. Kama ni Kiingereza kitupu, mwite mjukuu aliye sekondari. Siku ya moto hakuna anayesoma.

Kwenye lebo tafuteni herufi na picha. Kwa mtindo wa Ulaya, A ni vitu vikavu kama mbao, nguo na godoro. B ni petroli na mafuta ya taa. C ni gesi. F ni mafuta ya kupikia. Likiwa la mtindo wa Marekani, C huwa umeme na mafuta ya kupikia huwa K, kwa hiyo picha ndiyo ya kuaminiwa kuliko herufi. Mkiona EN 16856, hicho ni kiwango cha Ulaya kilichoandikwa kwa ajili ya makopo haya haya. Kopo lisilosema lolote zaidi ya picha ya moto mkubwa na neno la kujisifu, mimi nisingeliweka nyumbani kwangu.

Kulitumia si kazi ngumu. Kabla hujabonyeza, hakikisha mlango uko nyuma yako na moto uko mbele yako, wala usikubali moto ukae kati yako na mlango. Simama hatua mbili hivi kutoka kwenye moto, au umbali ulioandikwa kwenye lebo. Lenga shina la moto, pale unapounguza kitu, maana ukipuliza ndimi za juu unaupepea tu. Peleka mkono kushoto na kulia, usiachie hadi uzimike, kisha rudi kinyumenyume huku ukiuangalia.

Jambo moja watu hawaambiwi dukani: dawa iliyomo ni ya nusu dakika hivi, na makopo mengi hayafiki hapo. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Basi kopo hilo ndilo hasa. Ni la moto wa ukubwa wa kikaango au kikapu cha takataka. Moto ukishashika pazia na kupanda darini, au moshi umeanza kukukohoza, liache kopo, toa watu, funga mlango nyuma yenu na upige 114. Moshi huangusha watu kabla moto haujawafikia.

*Nakaanga bajia na kachori za kuuza. Juzi mafuta yalishika moto kwenye karai. Mume wangu anasema ndoo ya maji inatosha. Na hilo kopo je? (Muuza bajia, Nguvumali)*

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba ndoo hiyo ingewaunguza wote wawili. Mafuta yanayowaka yana joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukiyamwaga humo yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Mvuke unapopanda hewani unayarusha mafuta juu nayo yanawaka. Kinachotoka kwenye karai hapo ni mpira wa moto unaofika kwenye makuti.

Dawa ya kwanza ya karai ni sinia. Lile la bati unalopangia bajia lishike wima mbele yako kama ngao, lilaze juu ya karai taratibu kuanzia upande wako, kisha zima gesi. Moto ukikosa hewa unakufa. Kazi ngumu ni kutofunua. Kila mtu anataka kuchungulia, na akichungulia hewa inaingia, mafuta bado ya moto, yanawaka upya. Acha hadi karai lipoe kabisa. Kama unatumia jiko la mkaa, ambalo halina pa kuzimia, sinia likae hapo mpaka mkaa ufe na wewe ukae hapo hapo ukiliangalia. (Kawa la ukindu si mfuniko, jamani. Nimeulizwa.)

Kopo litumie kama limeandikwa waziwazi kuwa linafaa mafuta ya kupikia, na ulipulize kwa mbali ili dawa iangukie juu ya mafuta kwa upole. Ukipuliza kwa karibu nguvu yake inayarusha mafuta nje ya karai. Na kwa hali yoyote usilibebe karai linalowaka kulipeleka nje. Upepo wa mlangoni unakurudishia moto usoni.

*Zile bajia zilizopuliziwa dawa zinaliwa? (Yuleyule)*

Hapana, dada yangu. Najua bei ya mafuta. Tupa vyote, osha vyombo kwa sabuni. Ikiwa dawa ni ya unga, futa pia jiko na vyuma vyake, kwa sababu unga ule ukikutana na unyevu wetu huu unakula chuma.

*Tunaishi wapangaji sita nyumba moja. Kopo likae wapi? (Mpangaji, Barabara ya 12, Ngamiani)*

Nyumba za kwetu nazijua: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, jikoni uani. Lisikae jikoni juu ya jiko, maana siku ya kulihitaji ndiyo siku usiyoweza kulifikia. Litundikeni penye mlango wa ukumbi unaotokea uani, mahali mtoto mdogo hafiki na mtu mzima anafika gizani. Lisiwe chini ya bati moja kwa moja wala penye jua la dirishani, maana makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50. Yakizidiwa na joto hupasuka. Tena tuko pwani. Hewa ya chumvi inatafuna kitako cha kopo polepole, kwa hiyo kila mwezi mmoja wenu aligeuze aangalie kutu, na atazame tarehe ya mwisho.

Ila niseme ukweli wangu. Kopo moja kwa familia sita ni mzaha. Changeni mnunue mtungi kamili wa unga, wenye pini na kipimo cha presha, na kopo libaki la ziada. Halafu kuna hili la mageti ya nondo. Nimeingia nyumba ambayo kufuli la geti la mbele lilikuwa na funguo moja, na funguo ilikuwa Korogwe na mwenyewe. Ufunguo utundikwe ndani, karibu na geti, kila usiku. Mkifanya hilo tu na kopo msinunue, sitawalaumu.

*Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwaka pale kwenye kichwa, nipulize? (Baba wa watoto wanne, Mabawa)*

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake si lile watu wanalotarajia. Ukiuzima mwali bila kuifunga gesi, gesi inaendelea kutoka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi, inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango hadi inapokuta jiko la mkaa la jirani. Hapo hamna tena moto mdogo wa kichwani.

La kwanza ni kufunga gesi. Kama mkono unafika, lowesha gunia au taulo zito, lifunike kichwani kwa kutokea ubavuni, kisha zungusha kifungio. Kopo lisaidie kuzima kilichoshika pembeni, kama kitambaa cha meza au kabati, ili upate njia ya kukifikia kifungio hicho. Kama hakifikiki, au mtungi wenyewe umezungukwa na moto, tokeni wote na muwatoe na majirani.

Na ukisikia harufu ya gesi bila moto, usiguse swichi yoyote. Hata kuzima taa, kwa sababu swichi hutoa cheche inapozimwa vilevile. Fungua madirisha, toka nje.

*Naweza kulijaribu kopo kidogo nione kama linafanya kazi? (Kijana, Duga)*

Usijaribu. Mimi nilijaribu langu uani, sekunde moja tu, nikaridhika. Baada ya wiki kadhaa nilikuta jepesi kama kopo tupu: unga ulibaki kwenye vali, haikufunga vizuri, presha yote ikavuja. Haya hayajazwi tena.

*Soketi ikianza kuwaka? Na pawabenki? (Mzee, Raskazone)*

Shikamoo mzee wangu, kwenye umeme ndipo nyumbani kwangu. Zima kwanza mein swichi, halafu puliza. Kopo linalofaa umeme huandikwa hivyo, mara nyingi hadi volti 1,000 kwa umbali wa mita 1. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Lisiloandikwa hivyo, na ndoo ya maji, viwe mbali na soketi.

Pawabenki na simu ni habari nyingine. Dawa inaua mwali lakini betri inabaki na joto ndani, inawaka tena. Ikiwa haijaungwa kwenye umeme, imwagie maji mengi ya kuipoza, na moshi wake usiuvute. Ndiyo maana wajukuu wasichaji simu juu ya godoro.

*Moto ukizimika kwa kopo, bado niite zimamoto? (Mama, Makorora tena)*

Mama, kama moto ulishika dari, godoro au waya, piga. Godoro la sufi hasa ni msaliti: juu limezimika, ndani linafuka hadi usiku wa manane. Ukipiga 114 taja mtaa, namba ya barabara na alama, msikiti au duka lililo jirani, halafu mtume kijana asimame njiani na tochi, maana nyumba za Makorora zinafanana.