Kelele ya kebo imefunika hidrojeni

SWALI: Nimefunga dishi la sentimita 90, na kwenye fokasi yake (mahali mawimbi yanapokusanyika mbele ya dishi) nimeweka kopo la kipenyo cha sentimita 15 kuwa antena. Nataka kupokea mawimbi ya hidrojeni ya Njia Nyeupe (galaksi yetu), megahezi 1420.4. Kebo nyembamba ya mita 5 inashuka hadi mezani, kwenye amplifaya na kipokezi cha USB. Nimerekodi usiku kucha, napata mstari bapa. Nirekodi siku tatu? Na ni kweli kwamba joto la mwili nalo hutoa sauti inayoweza kupimwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiongeze muda. Panda juu uhamishe amplifaya.

Kebo hiyo hula karibu desibeli 3 kwenye masafa haya, yaani nusu ya nguvu, na kwa kuwa ina joto hutoa kelele yake pia. Amplifaya nzuri ina kelele ya kelvini 40 hivi (kelele hutajwa kwa joto ambalo lingeitoa). Ukiiweka nyuma ya kebo jumla inafika 370: kebo 290, na zile 40 zimekuwa 80 kwa kuwa mawimbi yamepungua nusu kabla ya kuifikia. Ukiifunga kwenye kopo lenyewe, ikikuza mara 1,000, kebo na kipokezi kwa pamoja haviongezi hata kelvini 3. Hidrojeni unayoitafuta ni makumi ya kelvini tu.

Volti 5 za amplifaya hupanda kwa kebo ileile, na lazima uziwashe kwenye programu. Amplifaya isiyo na umeme huziba mawimbi, na unachopata ni mstari bapa kama huo wako. Kama mnara wa simu uko jirani, tafuta amplifaya yenye chujio la 1420, la sivyo mnara utaizidi nguvu. Konekta zifunge kwa utepe wa mpira. Maji yakiingia, kebo imekwisha.

Sasa pima. Zima ukuzaji unaojirekebisha, elekeza dishi ardhini (kelvini 300 hivi), kisha angani (kama 10). Tofauti ikiwa desibeli 5, kelele ya mtambo ni kelvini 125 hivi, na hiyo inatosha kabisa. Ikiwa desibeli 1, kelele imepita 1,000: kagua konekta na umeme.

Kwa mtambo wa namna hiyo, kurekodi dakika 1, masafa yakigawanywa vipande vya kilohezi 5, hushusha mtikisiko wa kelele hadi karibu kelvini 0.25. Kinachobaki kukupotosha ni ukuzaji unaoyumba na umbo la chujio. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Dicke alilikabili tatizo la kuyumba kwa kubadilisha haraka kati ya antena na chanzo cha joto linalojulikana. Wewe rekodi dakika 5 angani, kisha dakika 5 ukiwa umechomeka mzigo wa omu 50 (kipingamizi kisichopokea mawimbi) mahali pa kopo, halafu gawanya spektra (nguvu kwa kila masafa) ya kwanza kwa ya pili. Katikati ya Julai, karibu saa nne na nusu usiku, kitovu cha Njia Nyeupe kinakuwa kusini kwako, nyuzi 68 juu ya upeo.

Kuhusu mwili, ndiyo. Sauti hiyo ya joto hupimwa kwenye megahezi 1 hadi 3 kwa kipande cha piezo (kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) kilichogusishwa ngozini kwa jeli. Lakini piezo nayo ina joto na hutoa sauti kuelekea mwilini, kwa hiyo kinachosomeka ni tofauti ya joto kati ya viwili hivyo. Piezo ikishapata joto la mwili, usomaji unakuwa sifuri. Pima joto lake kila mara, kwa kipimajoto kilichobandikwa nyuma yake.