Kurekebisha Taarifa za Nyimbo za Zamani Kwenye Kompyuta

Anayekusanya nyimbo za dansi za miaka ya 1970 na 1980, nyingine zikiwa zimenakiliwa kutoka kwenye santuri na kanda na nyingine amepewa na jamaa, hujikuta na maktaba ambayo Mbaraka Mwinshehe mmoja anahesabiwa kuwa wasanii watatu kwa sababu jina lake limeandikwa kwa tahajia tatu, na ambayo nyimbo za Les Wanyika zimewekwa chini ya Simba Wanyika, ingawa wanamuziki hao walijitenga na bendi hiyo mwaka 1978. Nimeshughulika na mkusanyiko wa namna hiyo kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba nyimbo hizi zinastahili kuandikwa kwa usahihi.

Kubadili jina la faili hakutoshi, kwani programu za kuchezea muziki husoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili yenyewe, ambazo kwa faili za MP3 huitwa ID3. Toleo la kwanza la mfumo huo, la mwaka 1996, lilitenga nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii, kwa hiyo maneno "Mbaraka Mwinshehe na Orchestra Super Volcano" yaliishia kwenye "Orchestra", na msikilizaji asingeweza kujua ni bendi gani inayopiga. Ukikutana na jina lililokatwa hivyo, usilikamilishe kwa kukisia, maana mwanamuziki huyo alipata umaarufu kwanza akiwa na Morogoro Jazz.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima kwenye diski nyingine. Kisha tumia Mp3tag, au Kid3 kwa wenye Linux, kwani programu hizi hukuwezesha kusahihisha faili nyingi kwa mara moja. MusicBrainz Picard inaweza kuutambua wimbo kwa kuchunguza sauti yake, lakini hutegemea MusicBrainz, hazina ya taarifa za muziki mtandaoni inayojazwa na watu wa kujitolea, na muziki wetu mwingi bado haujaingizwa humo; kwa sababu hiyo mimi huyachukulia majibu yake kama pendekezo, nikayalinganisha na maandishi yaliyo kwenye santuri kabla ya kuyahifadhi.

Suala linalohitaji uamuzi zaidi ni majina ya bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, kila mara ikifuata jina la jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki, na hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma. Wapo wanaoziweka nyimbo zote chini ya jina la mwisho ili zikae pamoja. Mimi nashauri sehemu ya msanii ibaki na jina lililotumika wakati wa kurekodi, kwa sababu jina hilo peke yake humwambia msikilizaji wimbo ni wa kipindi gani, na neno "Msondo" liandikwe kwenye sehemu ya maoni, ambako utaweza kulitafuta utakapotaka kuzisikiliza zote. Kwa albamu za mkusanyiko, sehemu ya msanii wa albamu iandikwe "Wasanii Mbalimbali", la sivyo albamu moja itagawanyika vipande vingi.

Uwe mwangalifu pia na mwaka, kwani CD iliyotolewa miaka ya 1990 mara nyingi huupa wimbo mwaka wake yenyewe badala ya ule wa kurekodiwa. Vilevile, nyimbo ndefu ziligawanywa katika pande mbili za santuri ndogo. Maneno "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili" yakipotea, programu ya kutafuta faili zilizorudiwa inaweza kupendekeza upande mmoja ufutwe. Yarudishe maneno hayo mapema.

Pale ambapo ushahidi haupo, acha sehemu hiyo wazi. Pale ulipo, fungua akaunti ya MusicBrainz, ambayo ni ya bure, uingize masahihisho yako na kueleza umeyatoa kwenye santuri gani, ili mwenye faili kama yako apate jina sahihi Picard itakapoitambua.