Fildi ya uhusiano wa umma kwenye shirika la mazingira

Kama unajiuliza iwapo fildi (mafunzo kwa vitendo ya chuo) ya uhusiano wa umma kwenye shirika la mazingira inahitaji uwe umesoma sayansi ya mazingira: hapana, si lazima. Wanaohitajika hapo ni watu wa kuandika, kupiga picha na kuongea na waandishi wa habari. Sayansi utaelekezwa na maafisa miradi. Nimesimamia wanafunzi wa fildi kwenye kitengo cha mawasiliano, na waliofanya vizuri walikuwa wale wanaohakiki kabla ya kutuma. Mfano mdogo: marufuku ya mifuko ya plastiki Kenya ilianza 28 Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019. Ukichanganya hizo kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, mhariri hatakuamini tena.

Kazi hufurika kuelekea 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Fildi ikianza Julai, uliza kama wana shughuli ya usafi wa fukwe Septemba, la sivyo utaishia kupanga mafaili na kuchapisha vipeperushi.

Ila posho usiitegemee. Mashirika mengi hutoa nauli tu, mengine hata hiyo hakuna, kwa hiyo ulizia kabla hujapeleka barua ya chuo.