Ule uchafu kwenye jeli: kwa nyinyi mnaoanza maabara

Kila mwaka tunapokea vijana wapya wa uzamili kwenye maabara yetu hapa Upanga, na swali la kwanza huwa lilelile: "Kaka, mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, nitaanza kuitumia lini?" Mashine utaizoea ndani ya siku mbili. Kitakachokutesa ni kujua lini uyaamini macho yako.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Peter Agre, daktari wa Marekani, alikuwa Baltimore akiitafuta protini ya Rh, ile ya kundi la damu la chanya au hasi, kwenye chembe nyekundu za damu. Kila akisafisha sampuli, protini nyingine ndogo, ya kilodaltoni 28 (kipimo cha uzito wa molekuli), ilikuwa inang'ang'ania humohumo. Wengi wetu tungebadilisha bafa, yaani maji ya kusafishia sampuli, tukasonga mbele. Yeye akaifuatilia, akakuta imejaa kwenye chembe nyekundu, na kwenye figo ipo pia. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliingiza RNA yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, kwenye mayai ya chura, wakayatumbukiza kwenye maji yenye chumvi kidogo. Mayai yenye protini ile yalivimba yakapasuka. Ya kulinganishia yalikaa tu. Mlango wa maji wa seli, uliobishaniwa miaka mingi, ulikuwa umepatikana, ukaitwa akwaporini. Mmoja tu hupitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde, na protoni haipenyi. Mwaka 2003 akapata Nobel ya kemia pamoja na Roderick MacKinnon. (Shuleni aliwahi kupata D ya kemia. Msiifanye kisingizio.)

Sasa yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kupima jeni za mzio, niliona bendi, ule mstari unaoonyesha DNA kwenye jeli, upande wa kontroli, ule usiotiwa DNA yoyote. Nikajiambia, nami nimempata Agre wangu. Siku tatu nilitembea kifua mbele. Mama mmoja mteknolojia, aliyeanza kazi kabla sijamaliza msingi, alitazama jeli yangu bila kusema neno. Akafungua chupa mpya ya maji, akaigawa kwenye vijichupa kumi na viwili, akaandika tarehe kila kimoja, akanisukumia. "Rudia, mwanangu." Bendi haikurudi. Ilikuwa imetoka kwenye chupa tuliyokuwa tukichota wote kwa pipeti. Uchafu wa Agre ulirudi kila alipousafisha. Wangu uliondoka na chupa ya zamani. Kabla hujampigia msimamizi simu, badilisha maji.

Kwenye mzio kuna mtego mwingine. Vijana hupakua makala ya Ulaya, wanaagiza praima zilezile (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), wanangoja wiki kadhaa mzigo utoke uwanja wa ndege, halafu hawaoni kitu. Jeni ya filagrini, inayosaidia ngozi kushika maji, ilihusishwa na pumu ya ngozi mwaka 2006 kwa utafiti wa Ireland na Uskoti. Mabadiliko mawili yaliyovuma kule ni nadra sana kwa Waafrika. Ukiyatafuta hayo mawili tu Temeke, usije ukaandika kwamba jeni haihusiki. Andika kwamba ulitafuta ya watu wengine.

Na jeni, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ipo kwenye kujua nani ana ugonjwa. Ukimuuliza mzazi "Mtoto ana pumu?" atakataa, maana neno lenyewe linatisha. Muulize: "Usiku kifua chake hulia kama filimbi?" Hapo atakusimulia mpaka mvua ya mwaka juzi.

Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri: umeme ukikatika, usilifungue kuchungulia. Basi.

La mwisho ni kipimo cha mzio cha kudunga ngozi kidogo kwa sindano, kupitia tone la kitu kinachoshukiwa. Tone la histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe wa mzio, siyo pambo, lazima livimbishe. Juzi bibi mmoja wa Mbagala hakuvimba popote, si kwa vumbi, si kwa mende, na kijana wetu akawa ameshaandika "hana mzio". Nikamwonyesha tone la histamini: nalo kimya.

"Shikamoo bibi. Jana ulimeza dawa yoyote?"

"Marahaba. Ile ya mafua, mwanangu, vile vidonge vyeupe vidogo."

Setirizini, dawa ya mzio inayoizuia histamini. Tumempangia arudi baada ya wiki moja bila kuimeza, na nauli ya daladala tumempa sisi.