Mwalimu, nitaujuaje ufundi wa filamu?

SWALI: Salamu, Mwalimu. Mimi na kaka yangu hubishana karibu kila Jumapili. Yeye anasema filamu ni ya kiwango ikiwa picha ni safi, kamera ni ya bei, na kuna zile picha za droni zinazoonyesha jiji kutoka juu. Mimi nahisi kuna kitu kingine, lakini nikiulizwa ni kipi, nakwama. Katika filamu na vipindi ulivyotazama, ni sehemu gani haijakutoka akilini, na fundi alifanya nini hapo? – Msomaji wa Umoja

JIBU: Mwanangu, iamini hisia yako. Picha safi siku hizi hata simu inakupa, na droni inakodishwa. Mimi nikitaka kujua kama filamu imepita mikononi mwa mafundi, husikiliza kwanza. Sauti ndiyo kazi ambayo mtengenezaji mwenye haraka huanza kuipunguza, akijua wengi wetu hatutamdai.

Sehemu ambayo haijanitoka iko katika M, filamu ya Kijerumani aliyoiongoza Fritz Lang mwaka 1931. Ilikuwa filamu yake ya kwanza yenye sauti. Enzi hizo sauti ilikuwa kitu kipya, na wengi waliijazia maneno mpaka ikafurika. Lang aliitoa kwa kipimo. Katika jiji la Berlin kuna mtu anayeua watoto. Mama mmoja anayefua nguo anaandaa chakula cha mchana huku akimngoja binti yake, Elsie, atoke shule. Anaweka sahani mezani. Saa ya ukutani inalia. Hatua zinasikika ngazini, anakimbilia mlango, kumbe ni watoto wa majirani. Elsie sisi tumeshamwona barabarani akidundisha mpira kwenye nguzo yenye tangazo la kumsaka muuaji, na kivuli cha mwanamume mwenye kofia kikaliangukia lile tangazo.

Mama anaita, "Elsie!" Hapo Lang anamwacha mama na kutuonyesha ngazi tupu zikitazamwa kutoka juu. Halafu chumba cha darini palipoanikwa nguo, hakuna mtu. Halafu sahani safi na kiti kisichokaliwa. Sauti ya mama inaendelea kuita juu ya picha hizo, na kila picha ikibadilika sauti inazidi kuwa mbali. Kisha kimya. Mpira unabingirika kutoka vichakani na kusimama. Puto ambalo yule mtu alimnunulia mtoto limenasa kwenye nyaya, linapepea, linachukuliwa na upepo.

Hakuna kisu wala damu. Mimi ni mzazi, na maisha yangu ya kazi niliyatumia na watoto wa madarasa ya chini, watoto wanaotarajiwa nyumbani kwa chakula cha mchana. Nilipokiona kile kiti ilibidi niinuke nitoke nje kidogo. Sidhani kuna picha ya maiti ambayo ingenifanya hivyo.

Na muuaji mwenyewe tunamjua kwa mluzi. Kila tamaa inapompanda, anapiga kwa mluzi kipande cha muziki wa mtunzi Grieg. Peter Lorre, aliyeigiza nafasi hiyo, hakujua kupiga mluzi, kwa hiyo unaousikia ni wa Lang mwenyewe. Sasa tazama anayekuja kumtambua: yule kipofu aliyeuza puto. Polisi wana ramani na alama za vidole, jiji zima lina macho, na anayemjua ni mtu aliyemsikia. Hilo halikuongezwa mwishoni ili kunogesha. Hadithi yenyewe ilitungwa na watu waliofikiri kwa masikio.

Usidhani lazima tuvuke bahari. Vitimbi, kile kichekesho cha runinga ya KBC, umekikuta? Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang' na kutuaga mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na bado wako walioapa kwamba Mzee Ojwang' ni Mjaluo wa kuzaliwa, jinsi Kiswahili chake kilivyobeba lafudhi ya Nyanza. Kuiga lafudhi kwa dakika mbili si kazi. Kuishikilia miaka na miaka, mhusika akiwa amekasirika, akidanganya, akimbembeleza mkewe, Mama Kayai, isiteleze hata mara moja, hiyo ni kazi, na naona hatukumpigia makofi ya kutosha kwa ajili yake. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, nayo isikilize lugha zake: Kikikuyu, Kiswahili na Sheng vinapishana kulingana na nani anaongea na nani, kama unavyosikia kwenye matatu yoyote ya kwenda mjini.

Mwambie kaka yako na hili. Hatua nyingi unazosikia kwenye filamu si za mwigizaji unayemwona. Kuna mtu studioni anayeitazama picha huku akitembea papo hapo, amevaa viatu vinavyofaa, juu ya changarawe, mbao au saruji, mguu wake ukishuka pale pale unaposhuka mguu wa mwigizaji. Kazi hiyo ilichukua jina la Jack Foley, aliyeianza katika studio za Universal kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwato za farasi, kwa mfano, zimepigwa sana kwa vifuu vya nazi. Ndiyo maana huniuma nikitazama baadhi ya tamthilia zetu na kusikia mlango wa jumba la Runda na mlango wa chumba cha mabati Kawangware ukifungwa kwa sauti moja. Waigizaji wametoa jasho, halafu sauti inawaangusha.

Jumapili ijayo mketishe kaka yako, mgeuze runinga itazame ukuta, msikilize tu kwa dakika kumi. Mkiweza kusema wahusika wako ndani au nje, chumba kina mazulia au hakina, ni nani anaogopa, basi kuna mafundi nyuma ya filamu hiyo.

SWALI: Hujambo, Mwalimu. Ninauza viatu Gikomba, na jioni hupitia ukumbi wa video kutazama filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro, sauti yake ikiwa juu ya ile ya filamu. Mke wangu anasema hao wasimulizi wanaharibu kazi ya watu. Wewe unaonaje? – Baba wa watoto watatu, Eastleigh

JIBU: Ndugu yangu, mkeo ana hoja, na baada ya yale niliyoandika hapo juu siwezi kumpinga kirahisi. Msimulizi akipanda, zile hatua zilizohangaikiwa studioni zinazama, muziki unazama, na kimya, ambacho mimi nakithamini kuliko vyote, kinakufa kabisa.

Lakini siwezi kumwita mharibifu. Katika enzi za filamu bubu, Wajapani walikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi. Alisimama kando ya skrini akieleza kisa na kuwatolea wahusika sauti, na wako waliolipa kiingilio kwa ajili ya jina lake kuliko jina la mwigizaji. Heigo, kaka mkubwa wa Akira Kurosawa, yule mwongozaji mashuhuri wa filamu wa Japani, alikuwa benshi, na ndiye aliyemtia mdogo wake hamu ya filamu. Filamu zenye sauti zilipoingia, kina Heigo wakakosa kazi. Majirani zetu Waganda nao wana wasimulizi wao wa filamu, wanaowaita ma-VJ. Msimulizi wetu anayempa shujaa wa Hong Kong jina la mtaani na kumfanya atishie maadui kwa Kiswahili cha stendi anatunga papo kwa papo, na pumzi zake zinaenda na ngumi. Jaribu wewe uone.

Tena filamu hizo zimelea watu. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, mtoto mgonjwa aitwaye Jo anapenda filamu za mapigano na mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambamo shujaa ni yeye. Mtu ambaye hajawahi kubanana kwenye benchi la ukumbi wa video asingeitengeneza kwa upendo ule.

Ombi langu ni moja. Filamu uliyoipenda kwa DJ, itafute bila DJ, utazame na mama watoto nyumbani. Ukishajua kisa, hutahangaika na lugha, na masikio yatakuwa na nafasi ya kupokea mengine.

SWALI: Mwalimu, kwetu wahusika wakiongea hatusikii kitu, tunaongeza sauti. Muziki ukianza, jirani anagonga ukuta. Ni masikio yangu au ni runinga? – Mama Kayole

JIBU: Si masikio yako, dada. Filamu nyingi huchanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi wa sinema, ambako maneno ya wahusika yana spika yake yenyewe katikati, nyuma ya skrini, na muziki na vishindo vina spika zao pembeni. Nyumbani vyote hivyo vinasukumwa kwenye spika mbili ndogo za runinga bapa, ambazo mara nyingi zinatazama chini au ukutani, kwa hiyo maneno yanakufikia yakiwa yamechoka.

Ingia kwenye mpangilio wa sauti kwa rimoti. Zima ule wa kuiga ukumbi wa sinema, uchague wa mazungumzo au habari. Runinga nyingi zina pia mpangilio wa usiku, unaopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Jirani yako atakushukuru. Kama una sabufa, punguza besi kabla ya kuongeza sauti, kwa sababu besi ndiyo inayofunika maneno na ndiyo inayopenya ukuta. Pazia zito na zulia pia husaidia, maana chumba kitupu hurudisha mwangwi. Na mvua ikianza kupiga mabati, usishindane nayo: washa maandishi ya chini ya picha.